Mwanahisa wa Pili

Gudele, Juba
24 Februari 2024

Mama mpendwa,

Barua hii anayo Mwangi wa basi, pamoja na bahasha ya khaki. Tafadhali soma barua kwanza, kwa sababu bahasha peke yake itakushtua.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Nyumba yetu ina chumba kimoja na pazia, na Baba yuko upande wa pili wa pazia. Tena unanijua. Kwenye simu nasema "ndiyo Mama" na "sawa Mama", halafu nikishakata ndipo maneno yanapokuja. Isitoshe, karatasi zilizo ndani zinahitaji mkono wako wenyewe, na simu haiwezi kubeba mkono.

Habari ni njema. Lile shirika la Thongpiny ambalo Baba aliwajengea ukuta mwaka jana linataka kujenga madarasa mawili na vyoo vya shule. Unakumbuka ukuta ule aliujenga chini ya kampuni ya mtu mwingine, akalipwa kama kibarua. Safari hii aliamua kwenda mwenyewe. Alinichukua nikamsaidie na Kiingereza, lakini msimamizi wa ununuzi ni Mkenya, anaitwa Austin, wakaongea Kiswahili na mimi nikabaki nimeshika mfuko.

Austin alisema, "Mzee Chuol, kazi yako naijua. Lakini mimi siruhusiwi kumpa mtu kazi. Naipa kampuni."

Baba akasema, "Ile kampuni haikushika mwiko hata siku moja. Ni mimi nilishika."

"Najua, Mzee. Lakini kampuni ndiyo ilisaini. Sajili yako, limited, ulete zabuni kabla ya tarehe kumi na mbili Aprili. Ukileta, nitaifungua kama za wengine."

Basi tukaenda kwa wakili. Anaitwa Arkangelo, ofisi yake iko mtaa wa Custom, juu ya duka la magodoro. Ni mtu mpole. Alimweleza Baba taratibu: "Kampuni ni mtu, Mzee. Hana mwili, lakini ana jina. Anaweza kumiliki mali, anaweza kushtaki, anaweza kushtakiwa. Nyinyi mkifa, yeye hafi."

Nilikuwa najiandaa kumfasiria Baba kwa lugha yetu, maana jambo hilo mimi mwenyewe lilinichukua siku nyingi kulielewa kwenye kitabu cha somo la biashara. Lakini Baba aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesimuliwa habari za kwao.

"Hiyo najua," akasema. "Sisi tuko naye nyumbani."

Wakili akacheka, akidhani ni mzaha. Akachukua kalamu. "Wanahisa ni akina nani? Nataka wawili."

"Wa kwanza andika Nhial."

Akaandika. "Kitambulisho chake?"

"Hana."

"Atakuja lini kusaini?"

"Alikufa kabla huyu hajazaliwa," Baba akasema, akinionyesha mimi.

Wakili aliweka kalamu chini. Akanitazama. "Na wewe, binti, ni mtoto wa nani?"

"Wa Nhial," nikasema.

Mama, unajua mimi nikitazamwa na watu wawili sauti inaniisha. Lakini ilibidi nimweleze. Nilimwambia kwamba kwetu mtu akifa kabla ya kuacha mtoto, ndugu yake humchukua mke wake, na watoto wanaozaliwa ni wa yule marehemu. Ndugu huwalea, lakini jina si lake. Kwa hiyo mimi ni Nyakuoth Nhial na mdogo wangu Pal ni Pal Nhial, na huyu aliyekaa hapa ndiye anayenilipia shule, na ndiye ninayemwita Baba, na yote mawili ni kweli.

Wakili ni wa kabila lingine na hakucheka tena. Alisema tu, "Ee Mzee wangu. Kwa msajili, marehemu hana mkono wa kusaini."

Baba akamwuliza, "Kampuni ina mkono?"

Wakili aliokota kalamu, akaigonga gonga mezani. Swali hilo nimeliandika nyuma ya kitabu changu cha biashara.

Mwishoni alipata njia. Mimi siwezi kuwa mwanahisa, bado sijafikisha umri, na Pal ni mdogo zaidi. Wewe unaweza. Ameandika karatasi kwamba wewe, Nyagai, mjane wa marehemu Nhial, unashika nusu ya hisa kwa niaba yake, na Baba anashika nusu nyingine. Baba alifurahi. Kampuni itaitwa Nhial na Ndugu. Wakili ameweka alama ya kalamu ya risasi kila mahali pa kusaini. Tafadhali zirudi kabla ya mwisho wa Machi.

Msalimie Pal. Mwambie kitabu changu cha hadithi asikunje kurasa.

Mwanao,
Nyakuoth


Langas, Eldoret
5 Machi 2024

Binti yangu Nyakuoth,

Barua nimeisoma kwanza kama ulivyoniagiza. Bahasha nikaifungua baada ya chakula.

Pal anakohoa lakini anakula, na anayekula haumwi. Cherehani imeharibika kanyagio, nimeitengeneza kwa kipande cha mpira wa gari, sasa inalia kama bata. Nashona sare za kwaya ya kanisa. Kiongozi wao anataka kola kubwa zinazofika mabegani, nikamwambia Mungu anasikiliza sauti, haangalii kola. Amekasirika, lakini kitambaa amekiacha.

Nimefurahi baba yako amekataa kuwa kibarua wa jina la mtu. Amechelewa, lakini amekataa.

Karatasi nimeziona zote. Ziko juu ya kabati. Kiingereza chake kigumu, lakini Pal amenisaidia, na palipomshinda nimekwenda kwa mwalimu wake.

Nina swali moja. Aliyeandika "Nyagai, mjane wa marehemu Nhial" ni wakili, ni baba yako, au ni wewe? Nijibu hilo, ndipo nitajua kalamu naishikaje.

Kula vizuri. Ukisoma usikae gizani.

Mama yako,
Nyagai


Gudele, Juba
19 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shule zimefungwa kwa sababu ya joto. Serikali imesema wanafunzi wasitoke nje. Bati la nyumba yetu linatoa mlio mchana kama mtu anatembea juu yake, kwa hiyo nasoma nikiwa nimelala sakafuni, na kitabu nimekiegemeza kwenye mguu wa meza.

Swali lako: aliyesema ni Baba, aliyeandika ni wakili, na aliyepiga chapa ni mimi, kwa kompyuta ya ofisi yake, kwa sababu karani wake alikuwa mgonjwa. Kama nimekosea herufi za jina lako, niambie nirekebishe.

Lakini nadhani najua kinachokutia wasiwasi, Mama. Unaogopa deni. Hata mimi niliogopa, mpaka niliposoma sura nzima. Ndiyo maana inaitwa limited. Kampuni ikishindwa, wadai wanachukua mali ya kampuni, yaani mashine ya kuchanganyia zege, toroli na mbao. Hawawezi kuja Langas kuchukua cherehani yako. Kuna ukuta kati ya kampuni na nyumba. Nilimsomea Baba maneno hayo akapiga goti lake kwa kiganja, akasema, "Mwambie mke wa kaka yangu asiogope. Huo ndio ukuta mzuri kuliko yote niliyojenga."

Yeye tayari anaamka kama mtu mwenye kampuni. Amechongesha muhuri Custom, wa mviringo, umeandikwa Nhial na Ndugu, ingawa wakili alimwambia asubiri. Aliupiga kwanza kwenye kiganja chake ili auone, wino haukutoka kwa siku kadhaa, akawa anasalimia watu kwa mkono wa kushoto na kuomba radhi. Vijana wake wa kazi wanamtania. "Mkurugenzi, leo tunachanganya simiti au tunasaini?" Anawafukuza huku anacheka. Sijamwona akicheka hivyo tangu mimi na yeye tuhamie Juba.

Ameshakwenda kupima kiwanja cha shule hiyo kwa miguu, na amepiga hesabu ya tofali kwenye ukuta wetu kwa mkaa. Wakili anasema akizipata karatasi zako, msajili anaweza kumaliza ndani ya siku chache.

Tafadhali, Mama, kama ni uoga tu, saini. Mwangi anapita Eldoret kila Jumatano.

Mwanao,
Nyakuoth


Langas, Eldoret
27 Machi 2024

Nyakuoth,

Herufi za jina langu umeziandika sawasawa. Siogopi deni. Nimeishi kambini, nimeishi Langas, deni na mimi tunajuana.

Umesoma sura nzima ya kitabu, sasa soma na hii.

Nhial alinioa nikiwa msichana, mkubwa kidogo kukushinda wewe. Ng'ombe walilipwa, babu yako aliwapokea. Alikuwa fundi, kambi nzima ya Kakuma ilijua mkono wake, na Chuol alikuwa ndugu mdogo anayembebea maji na kuchanganya udongo. Tulikaa naye kidogo tu, homa ikamchukua. Sikuwa nimezaa.

Baada ya matanga wanaume walikutana. Walikaa ndani ya kanisa la kambi, kwenye mabenchi. Mimi nilikuwa nje, nawapikia chai. Chai ilipokuwa tayari, jambo lilikuwa limekwisha. Niliingia na sinia, nikaona jinsi walivyopokea vikombe bila kunitazama, nikajua. Siku iliyofuata Chuol alikuja akapanda juu ya nyumba yangu akatengeneza paa. Hakusema neno. Alipomaliza alishuka akanawa mikono, akakaa.

Sikwambii haya ili umchukie. Walifanya vile ilivyo. Na mtu waliyenipa ni mtu mwema, hajawahi kunipiga, hajawahi kulala kabla nyinyi hamjala. Lakini nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Kila jambo jema alilonitendea, alimtendea kaka yake. Akileta unga, anasema, "Nyumba ya Nhial isilale njaa." Mlipozaliwa alisema, "Nhial amepata mtoto." Nimeishi miaka yote hii na mwanaume aliye hai, nikiwa mke wa mwanaume asiyekuwepo, na baina yao wawili mimi ni mlango wanaopitia.

Sasa imekuja karatasi. Ile ya mwisho kabisa, umeipiga chapa mwenyewe. Inasema: "Mimi, Nyagai, nakubali kwa hiari yangu." Nilimwuliza mwalimu wa Pal maana yake mara mbili. Akasema, "Mama, maana yake hawawezi kukuweka bila wewe kutaka." Nikarudi nyumbani nikaketi.

Mtoto wangu, hiyo ndiyo karatasi ya kwanza duniani kuniuliza. Halafu nikitazama ukurasa wa juu yake, inayemwuliza si mimi. Inamwuliza mjane wa Nhial. Nikubali kwa hiari yangu kushika kitu cha mtu mwingine?

Nhial nilimpenda. Awe jina la kampuni, aandikwe kwenye lori, sina neno. Lakini hisa, kama ni zangu, ziwe za Nyagai. Kama si zangu, Chuol atafute mkono mwingine wa kuzishika.

Sijasema hapana. Nasema niulizwe.

Msomee baba yako barua hii yote. Usiruke.

Mama yako,
Nyagai


Gudele, Juba
6 Aprili 2024

Mama,

Niliruka.

Mwangi alinipa barua yako Jumapili. Niliisoma nikiwa nimesimama stendi, nikarudi nyumbani, Baba akauliza, "Zimekuja?" Nikasema basi limecheleweshwa mpakani Nimule. Siku iliyofuata akauliza tena, nikasema bado. Nilidhani kama nikingoja nitapata maneno mengine ya kumwambia, yaliyo laini zaidi, ambayo yangefika mahali pale pale. Mimi ndivyo ninavyofanya kwa mambo yote. Sikuyapata.

Jana mchana wakili alimpigia simu kwamba siku zimekwisha, msajili anahitaji karatasi Jumatatu. Baba alikuja kutoka kazini na vumbi lote mwilini. Aliketi mezani. Wakili alikuwa amempa nakala nyingine ya karatasi, bila saini. Akaiweka mbele yangu, akaweka na kalamu.

"Wewe na mama yako mwandiko ni mmoja," akasema. "Andika."

Usimhukumu haraka, Mama. Hakuona kuwa ni wizi. Kwake, mkono wa mtu wa nyumba ni mkono wa nyumba. Aliniambia hivyo kwa upole, kama unavyomweleza mtoto njia ya kisimani. Na ni kweli mwandiko wetu unafanana. Nilishika kalamu. Niliweza kuiona sahihi yako tayari, ile N yenye mkia. Nilifikiria kiwanja alichokipima kwa miguu.

"Siwezi, Baba."

"Huwezi ama hutaki?"

"Sitaki."

Sijawahi kumwambia neno hilo. Hata yeye alilisikiliza kama kitu kilichoanguka chumba kingine.

"Nani amekufundisha?"

"Mama. Ameandika."

"Basi lilikuja."

"Lilikuja Jumapili, Baba. Nilikuficha."

Akasema, "Soma."

Nikasoma. Nilisoma kwa Kiswahili chako, kisha kwa lugha yetu, pole pole, na sikuruka, hata pale pa chai, hata pale pa mlango. Nilipofika "kila jambo jema alilonitendea, alimtendea kaka yake" alinisimamisha. "Hapo rudia." Nikarudia. "Rudia." Nikarudia. Mama, nilitamani ardhi inimeze, lakini niliendelea hadi sahihi.

Alifuta vumbi mezani kwa kiganja. Halafu akasema, "Tulifanya vile ilivyo."

"Ndivyo alivyosema, Baba. Hajasema mlifanya vibaya."

"Na mimi? Mimi nani aliniuliza?" Hakuwa amekasirika. Aliuliza kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. "Nilikuwa na miaka ishirini. Mimi pia nilikuwa nje, nabeba maji."

Alichukua karatasi, akaikunja, akaitia ndani ya Biblia, akatoka. Leo asubuhi aliondoka mapema kwenda kazini, na hajasema kama tutakwenda kwa wakili Jumatatu. Tarehe kumi na mbili ni Ijumaa. Mwangi anaondoka sasa hivi, barua hii itakufikia ikiwa imeshachelewa au haijachelewa, sijui.

Kuna kitu kinanisumbua. Nilipiga chapa jina lako na kulifunga kwa maneno "mjane wa marehemu", na niliona ni vizuri, nikahakikisha nafasi kati ya maneno ziko sawa. Nilisoma sura nzima, Mama, na sikukuuliza.

Hakuniambia nisikuandikie haya.

Nyakuoth


Juba
16 Aprili 2024

Nyagai,

Hii mkono ni yangu. Mtoto amekataa kuandika. Anasema barua hii ina mwenyewe. Nimeandika kwanza na penseli, halafu na kalamu juu yake. Kiswahili yangu ni ya mjengo, utanisamehe.

Kazi ya Thongpiny imeenda. Ijumaa nilisimama nje ya geti mpaka saa ya kufunga sanduku. Watu wa kampuni walikuwa wanaingia na bahasha, wanatoka. Austin alitoka akanisalimia, akasema, pole Mzee, iko mwaka mwingine. Vijana wangu wengine wameenda kwa yule ameshinda. Si makosa yao, lazima wale.

Usifikiri naandika kukulaumu. Mtoto alisoma barua yako Ijumaa ya kabla ya hiyo, na mimi ningekuuliza kwa simu Ijumaa hiyo hiyo, na kazi ingekuwa yetu. Simu ilikuwa mkononi. Nilishindwa. Nilisema, nikimuuliza leo, nauliza kwa sababu ya madarasa. Atajua. Na itakuwa tena kama siku ya paa, mtu anakuja na kazi mkononi, hasemi kitu.

Kwa hivyo nimengoja sanduku ifungwe. Sasa hakuna kazi. Hakuna mtu ananisukuma. Hii swali haina faida yoyote leo, ndiyo maana nauliza leo.

Nimeenda kwa Arkangelo, nimesema ile karatasi ya kwanza tupa. Ameandika mpya. Hakuna mjane ndani yake. Iko jina lako na jina la baba yako, na nusu. Yeye alisema, Mzee, na ndugu yako? Nikasema jina la kuandika mlangoni ni lake. Yeye alinifundisha kupanga tofali, hajawahi kunifundisha kuchukua hisa ya mtu. Nimekaa na Nhial siku nyingi katika kichwa juu ya jambo hili. Nafikiri angecheka mimi, angesema, Chuol, wewe umenibebea maji mpaka sasa? Tua ndoo.

Umeandika kwamba vitu vizuri nilifanya kwa sababu ya kaka yangu. Ni kweli. Nilisema hivyo kwa mdomo. Mimi ni mtu aliambiwa, linda nyumba ya ndugu yako. Mtu wa kulinda hawezi kusema anapenda nyumba, watu watasema ameiba. Nikasema Nhial, Nhial, kila siku. Ilikuwa rahisi.

Na mimi hawakuniuliza. Nilimwambia mtoto hivyo, najua ameandika. Lakini nimefikiri. Mimi ningeweza kukimbia, vijana wengi walikimbia, walienda mjini. Wewe ungeenda wapi. Si sawa na wewe. Nasema hiyo.

Sasa nauliza. Nyagai, unataka kuwa na mimi katika kampuni? Nusu yako, nusu yangu. Mimi najenga, wewe unajua watu na unajua kukataa bei mbaya, mimi sijui kukataa. Kama ni ndiyo, saini. Kama ni hapana, andika hapana. Ile pesa natuma ya Pal na ya nyumba nitatuma tu. Hapana yako haigusi chakula.

Chuol


Langas, Eldoret
30 Aprili 2024

Chuol,

Nimeisoma barua yako peke yangu. Pal alitaka kuuona mwandiko, nikamwambia akacheze nje.

Pole kwa madarasa. Nimesikitika, na sisemi nimesikitika kwa adabu tu. Ungekuwa umeyajenga vizuri. Hao waliopata, mbio zao tutaziona mvua ikinyesha. Vijana waliokuacha watarudi. Ukiwapokea, usiwapokee siku ile ile, waache wakae nje ya mlango kidogo.

Nimekwenda kwa wakili wa hapa mjini, kwa sababu karatasi inataka shahidi. Ni msichana mdogo, anavaa miwani. Aliniuliza, "Mama, umesoma unachosaini?" Nikamwambia nimesomewa na watu watatu na nimekisoma mwenyewe mara ya nne. Akaniuliza kama kuna mtu amenilazimisha. Nikacheka, akadhani nimemdharau. Ikabidi nimwombe radhi.

Nimesaini kila palipokuwa na alama. Nimeandika Nyagai na jina la baba yangu, basi. Kalamu ilitaka kuendelea, kwa mazoea. Nikaiinua.

Kwa hiyo sasa mimi ni nusu ya kampuni, na kama nusu ya kampuni nakwambia mambo mawili. Usikubali kazi ya mtu anayetaka uanze kabla hajasaini. Na Nyakuoth arudi shule, asigeuzwe karani. Amebeba maneno yetu mazito kwa miezi miwili, mtoto asiyeweza kuagiza chai hotelini bila kuona haya. Atue naye.

Kuna jambo la mwisho. Umeuliza swali la kampuni, nami nimejibu. Lakini lile la zamani, ambalo wazee walilijibu kanisani huku mimi nikichemsha chai na wewe ukibeba maji, hilo bado halijaulizwa. Nhial ana jina lake na watoto wake, hakuna wa kumnyang'anya. Simwondoi. Nasema kuna watu wawili wengine.

Hilo usiliandike. Barua inatosha kwa hisa, haitoshi kwa hilo. Wala mtoto asilibebe, wala Mwangi. Panda basi uje. Usije na mwiko wala vipande vya bati, paa langu ni zima. Kaa kwenye kiti, uniulize ukinitazama.

Wala usinitegee sikio kutoka huko ukidhani kwa sababu nimesaini basi unajua nitasema nini. Mimi mwenyewe sijui. Sijawahi kuulizwa, kwa hiyo sijui nikiulizwa huwa najibuje.

Nyagai